Kozi kwenye kisanduku cha ghorofani: si kizimba, wala si mwizi wa kuku

Ujumbe ulioingia kwenye kundi letu la simu ulikuwa mfupi: "Kozi wameangua London, kamera zinawaangalia usiku na mchana." Chini yake kulikuwa na video ya sekunde chache. Ndege mwenye kifua cha michirizi amesimama ndani ya kisanduku cha mbao juu ya jengo refu, na mbele yake makinda wanne weupe wakimfungulia midomo. Kwingine ujumbe kama huo ungepita bila neno. Lakini sisi wa Nakuru tuna London yetu, mtaa ulio chini ya miteremko ya Menengai, jirani na jaa la taka la Gioto, na ni nadra kupita pale ukose ndege wakubwa wakizunguka angani. Zogo likaanza hapohapo. Kuna walioapa kwamba kisanduku wamekiona kwa macho yao. Kuna waliosema ndege wetu wamefungiwa kizimbani wapelekwe kuuzwa Uarabuni. Mmoja akataka kujua ni nani anayetumia pesa za kamera kumlinda mwizi wa kuku.

London ya kwenye video ni ile ya Uingereza. Huko, na katika miji mingi ya Ulaya na Amerika Kaskazini, kozi, ambao ni ndege wawindaji, hutaga kwenye majengo marefu, na kila mwaka kati ya Machi na Juni kamera huonyesha moja kwa moja mambo yanayoendelea kwenye viota vyao. Vipande vya matangazo hayo hutufikia kwa simu vikiwa vimekatwa mwanzo na mwisho, bila maelezo yoyote. Ndege wanaozunguka juu ya Gioto ni mwewe na korongo marabu, na hawahusiki kabisa na habari hii.

Hata hivyo maswali yaliyoulizwa ni ya maana, na majibu yake yanatugusa hata sisi tusio na kisanduku hata kimoja.

Kozi ni yupi?

Mtaani kila ndege mwenye mdomo uliopinda huitwa mwewe, na akiwa mkubwa huitwa tai. Ubishi mwingi ulianzia hapo.

Mwewe ndiye tunayemjua sote. Ana rangi ya kahawia, mdomo wa njano, na mkia wenye panda anaoupindapinda hewani kujielekeza. Kazi yake kubwa ni kuokota: utumbo wa kuku nyuma ya hoteli, vichwa vya samaki kule ufuoni Dunga, Kisumu, panya aliyekanyagwa na gari, na ndiyo, kifaranga aliyeachana na mama yake. Tai ni ndege mkubwa zaidi, kama furukombe anayelia juu ya Ziwa Naivasha. Kipanga ana mabawa mafupi ya mviringo na huvizia akiwa amejificha mitini. Vifaranga wakipungua uani, washukiwa wa kwanza ni mwewe na kipanga.

Kozi ana umbo lake. Mabawa ni marefu na yamechongoka, kifua ni kipana, macho ni meusi, na chini ya kila jicho kuna alama nyeusi inayoteremka shavuni mithili ya sharubu. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kozi wako karibu zaidi kiukoo na kasuku kuliko walivyo na tai. Ukiwatazama huwezi kuamini, ila damu ndivyo inavyosema.

Jamii za kozi ni nyingi. Wapo wadogo wanaopitia magharibi ya Kenya wakati wa mvua wakifukuza kumbikumbi walewale tunaowakaanga. Baadhi yao huzaliana mashariki ya Siberia na kaskazini ya China, kisha huvuka Bahari Hindi hadi Afrika. Kozi wa kwenye video ni mwingine, mkubwa kuliko hao, ambaye wanasayansi humwita Falco peregrinus. Anapatikana katika kila bara isipokuwa Antaktika. Kenya tunao wenyeji, na wakati wa baridi ya huko kaskazini hupokea wageni wa jamii hiyohiyo kutoka mbali.

Chakula chake ni ndege, na huwakamata wakiwa wanaruka. Hupanda juu sana, akaona njiwa anakatiza chini yake, akakunja mabawa na kujiachilia. Katika mbizi hiyo kasi yake hupita kilomita 300 kwa saa, na hakuna mnyama mwingine anayejulikana kuifikia. Humpiga njiwa kwa miguu hukohuko hewani, humdaka kabla hajafika chini, kisha huukata uti wa shingo kwa pembe ndogo kali iliyo kwenye ukingo wa mdomo wake wa juu.

Mtu akielewa uwindaji huo, suala la kuku linajibika lenyewe. Kuku anayeparura uani hayumo kwenye mpango wa ndege huyu: akimshukia ardhini kwa kasi ile atajivunja mwenyewe. Sisemi kwamba hakuna kozi aliyewahi kula kuku. Yuko mwingine wa huku kwetu, mwenye utosi wa rangi ya kutu, anayewinda hata chini, na huyo akipata kuku mdogo hamwachi. Lakini huyu wa maghorofani anataka njiwa, na mijini njiwa ni wa bure.

Kisanduku chenyewe

Neno "kisanduku" ndilo lililowafanya watu wafikirie kizimba. Kiangalie vizuri kwenye video. Upande wa mbele hauna kitu: hakuna mlango, hakuna waya. Vingine havina hata paa, ni trei pana tu yenye kingo fupi. Kozi huingia na kutoka apendavyo, na msimu ukiisha huenda zake.

Sababu ya kuwepo kwake ni kwamba kozi hajui kujenga kiota. Hakusanyi vijiti, hafumi nyasi. Porini hutafuta genge refu lenye kishubaka au ukingo ulio na vumbi na changarawe, akalala kifudifudi, akasukumia mchanga nyuma kwa miguu huku akijizungusha, hadi pakatokea shimo la kina kifupi linalotosha kifua chake. Hapo ndipo hutaga, na ujenzi umekwisha.

Sasa mpeleke ndege huyo mjini. Ghorofa refu kwake ni genge: lina kimo, lina kingo, mtu hafiki kirahisi, na chini kuna njiwa. Kasoro ni moja tu. Ukingo wa saruji hauna changarawe. Yai hubingirika likaanguka, au hulala kwenye maji ya mvua likapoa. Jengo la Sun Life mjini Montreal, Kanada, lilitoa mfano ulio wazi. Kozi walianza kutaga kwenye ukingo wake mwaka 1936, na miaka ya mwanzo mayai yaliharibika. Kisha watu wakawawekea trei ya changarawe palepale kwenye ukingo, na makinda wakaanza kukua. Waliendelea kuzaliana hapo hadi 1952. Hawakupewa chakula wala dawa. Walipewa changarawe.

Visanduku vya leo ni vilevile, ila vimeboreshwa: mbao nzito zisipeperushwe na upepo, matundu sakafuni ya kutoa maji, na kamera pembeni. Kanisa kuu la Derby, Uingereza, liliwekewa jukwaa kama hilo mwaka 2006, na kozi walilikubali. Si kila mahali hulikubali. Kuna majengo yaliyowekewa kisanduku kizuri na ndege wakaendelea kutaga kwenye mfereji wa maji wa jengo la pili.

"Ametaga halafu ameondoka"

Jirani yangu anayeuza mboga alinijia na simu mkononi akiwa amekasirika kwelikweli. "Mwalimu, hebu tazama mama huyu. Ametaga yai, ameliacha kwenye baridi, ameenda kuzurura. Si litakufa?"

"Mama, kuku wako wa kienyeji akitaga yai la kwanza huwa analala juu yake siku hiyohiyo?"

Akanyamaza kidogo. "Hapana. Hungoja mpaka yatoshe."

Ndiyo hiyo. Kozi jike hutaga mayai matatu au manne yenye rangi ya matofali, moja baada ya takriban siku mbili. Yai la kwanza na la pili hukaa hivihivi, likifunikwa mara mojamoja tu. Kuatamia kwa dhati huanza anapokaribia kumaliza kutaga, kwa kawaida likiwa limebaki yai moja. Yai ambalo halijaanza kupashwa joto hustahimili, kwa sababu kiumbe kilicho ndani bado hakijaanza kukua. Kuanzia hapo huhesabiwa mwezi mmoja na siku chache, na mayai huanguliwa karibu kwa pamoja, ndani ya siku moja au mbili.

Kuangua kwa pamoja si jambo dogo. Ukienda Hell's Gate, ndani ya kaunti yetu ya Nakuru, kuna tai mweusi anayekaa kwenye magenge na kuishi kwa kula pimbi. Yeye hutaga mayai mawili na huanza kuatamia la kwanza mara moja. La kwanza likianguliwa, kinda hupata siku kadhaa za kula peke yake. Mdogo wake akitoka, mkubwa humdonoa mpaka amuue, hata kama kiotani kuna nyama ya kumtosha kila mmoja. Makinda wa kozi huanza wakiwa na kimo kimoja, kwa hiyo hugombania chakula bila kuuana. Chakula kikipungua sana aliye dhaifu anaweza kufa, na mama anaweza kumtoa nje au kumlisha kwa wenzake. Watazamaji wa kamera hulia wakiona hivyo, ndiyo maana baadhi ya wenye kamera huandika onyo mapema.

Wakati wa kuatamia mtazame miguu. Kozi ana kucha ndefu zilizopinda, kali kiasi cha kuua njiwa kwa pigo moja, na yai lina ganda la kawaida tu. Anapoingia kwenye shimo lake hukunja vidole vyote ndani, akatembea kwa ngumi za miguu, hatua fupifupi akiyumba huku na huku. Kisha hujiteremsha juu ya mayai, hutingisha mwili kushoto na kulia mpaka ngozi ya tumbo iguse kila yai. Baada ya muda huinuka na kuyageuza kwa mdomo. Dume humpokea mchana ili jike akale. Usiku kwa kawaida ni zamu ya jike.

Ukiwaona wawili kwa pamoja, mkubwa ni jike. Amemzidi dume kwa karibu theluthi moja, na wageni wengi wa video hizi humdhania baba.

Wiki sita za makinda

Kinda akitoka kwenye yai ana uzito wa gramu 40 hivi, amefunikwa manyoya laini meupe, na kichwa kinamlemea. Baada ya siku sita uzito umeongezeka maradufu. Baada ya wiki tatu umezidi mara kumi.

Chakula huletwa na dume. Humnyonyoa njiwa kwanza mahali pengine, mara nyingi kwenye ukingo wa jengo la karibu (wafagiaji wa barabara za huko huyajua manyoya hayo), halafu humkabidhi jike, wakati mwingine hewani, mguu kwa mguu. Jike humsimamia yule njiwa kwa miguu yote miwili na kuchuna nyama vipande vidogo kuliko punje ya mahindi, akimwinamia kila kinda na kusubiri achukue mwenyewe. Hatumbukizi chakula kooni. Aliyeshiba huonekana kwa uvimbe chini ya shingo, pale chakula kinapohifadhiwa kabla ya kusagwa. Hugeuka, husinzia, na anayepiga kelele zaidi husogea mbele. Ugawaji wa haki, kama upo, unatokana na usingizi wa walioshiba.

Kitu kinachozua hasira kwenye video ni siku wataalamu wanapopanda kuwavalisha makinda pete za miguuni. Hupanda makinda wakiwa na wiki tatu hivi: miguu imeshafikia unene wa utu uzima, lakini makinda bado hawajawa na ujasiri wa kuruka kutoka ukingoni. Wazazi huwashukia watu hao kwa nguvu, na wengi huvaa kofia ngumu. Maoni chini ya video hujaa: "Sasa mama atawakataa, wameshikwa na mikono ya watu."

Hawakatai. Imani hii tunayo hata huku, ya kwamba kinda akishaguswa na mtu hunuka na mama humtupa. Ndege wengi hawategemei pua kuwatambua watoto wao, na mzazi ambaye ameshatumia wiki kadhaa kuatamia na kulisha haachi kazi hiyo kwa sababu ya dakika ishirini za usumbufu. Wataalamu wakishashuka, jike huwa amerudi kiotani muda mfupi baadaye. Tatizo la kupanda viotani ni jingine: makinda waliokwisha kukua huweza kushtuka wakaruka kabla ya wakati. Ndiyo maana tarehe huhesabiwa, na ndiyo maana si kazi ya mtu yeyote mwenye ngazi.

Wakikaribia wiki ya sita, manyoya ya kahawia huwa yamechukua nafasi ya yale meupe. Husimama ukingoni wakipiga mabawa bila kuondoka. Madume, kwa kuwa ni wepesi, hutangulia. Safari ya kwanza mara nyingi huishia vibaya: kinda huruka vizuri, asijue kutua, akajikuta amesimama katikati ya maegesho ya magari akishangaa.

Hapo ndipo watu wema hufanya kosa, na hili linahusu ndege yeyote mwindaji, awe kozi wa London au mwewe wa Lanet. Kinda mwenye manyoya kamili aliyesimama chini akiwa macho hajaachwa. Wazazi wako juu wanamwona. Kama yuko njiani mwa magari au mbwa, mfunike kwa kitambaa, ujihadhari na miguu yake kuliko mdomo, umweke juu ya ukuta au paa la karibu, kisha uondoke. Usimpe maziwa, mkate wala maji ya kumimina kooni. Akiwa ameumia, wasiliana na ofisi ya Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) iliyo karibu. Nakuru tuna bahati kuliko wengi: kuna kituo cha kutibu ndege wawindaji katika hifadhi ya Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, na kingine Naivasha. Kumfuga nyumbani bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, na biashara ya kozi huyu kati ya nchi na nchi inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Anayekwambia kuna mnunuzi wa mamilioni anakupeleka mahakamani.

Kuruka si mwisho wa malezi. Kwa wiki kadhaa zaidi wazazi huleta ndege aliyekufa na kumwachilia hewani, kinda amdake akiwa anaanguka. Pamoja na mafunzo hayo, zaidi ya nusu ya makinda hufa kabla ya kutimiza mwaka. Vioo vya maghorofa huua wengi.

Kwa nini watu walihangaika hivyo?

Swali ambalo hakuna aliyeliuliza kwenye kundi letu ndilo kubwa kuliko yote. Kozi yuko karibu dunia nzima. Kwa nini miji tajiri ipande majengo kumwekea changarawe?

Kwa sababu waliwahi karibu kummaliza. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, dawa ya DDT ilimwagwa mashambani kila mahali kuua wadudu. DDT haitoki mwilini kirahisi. Hukaa kwenye mafuta na kugeuka kuwa kemikali nyingine iitwayo DDE. Mdudu aliyenyunyiziwa hubeba kidogo sana. Ndege mdogo anayekula wadudu mamia hubeba kiasi cha wote. Kozi anayekula ndege hao mwaka mzima huishia na mzigo wa wote waliotangulia, na yeye hafi. Anaendelea kuruka, kuoana na kutaga. Lakini DDE huzuia kalsiamu kufika kwenye ganda la yai wakati linapotengenezwa, kwa hiyo jike hutaga yai lenye ganda jembamba, hulilalia kama kawaida, na hulivunja kwa uzito wake mwenyewe.

Kwa miaka mingi hakuna aliyejua kinachotokea, maana kozi wazima walionekana na afya. Mwingereza Derek Ratcliffe ndiye aliyekwenda kupima maganda ya mayai ya zamani yaliyohifadhiwa na wakusanyaji, akayalinganisha na mapya. Matokeo yake yalichapishwa 1967: maganda yalikuwa yamekonda ghafla tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, hasa wakati DDT ilipoingia. Huko Marekani, ukaguzi wa 1964 upande wote wa mashariki haukupata hata kiota kimoja chenye makinda.

Marekani ilipiga marufuku matumizi ya DDT mashambani mwaka 1972. Mtaalamu Tom Cade, wa Chuo Kikuu cha Cornell, na wenzake walikuwa wameshaanza kuzalisha kozi wakiwa wamefugwa, na shirika lake liliachilia zaidi ya 4,000 kwa miaka iliyofuata. Wengine waliachiliwa kutoka kwenye minara na majengo, kwa sababu magengeni bundi wakubwa walikuwa wakiwala makinda. Walipokua baadhi yao walirudi mijini, wakatafuta ukingo, na watu wakakumbuka changarawe. Mwaka 1999 kozi aliondolewa kwenye orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Utaratibu ndio huo: sumu iliondolewa kwanza, ndege wakarudishwa, visanduku vikaja mwisho. Kisanduku kingewekwa 1960 kingekuwa mahali pazuri pa kuvunjia mayai.

Na sisi je?

Pendekezo lililopata vidole gumba vingi ni kwamba nasi tupachike visanduku: kimoja juu ya Reinsurance Plaza kule Kisumu, kingine kwenye jengo refu la hapa mjini, tuvute watalii. Sina ubaya nalo, ila naona tungekuwa tunatibu mguu ilhali jino ndilo linalouma. Magenge hatujakosa. Tuna kuta za Menengai, tuna Hell's Gate, na upande wa magharibi tuna miinuko ya Nandi inayotazama tambarare za Kano. Hakuna kozi anayelala nje kwa kukosa ukingo.

Taabu iko kwingine. Uchunguzi uliochapishwa 2022, uliolinganisha hesabu za ndege wawindaji kando ya barabara za Kenya tangu miaka ya 1970, uligundua kwamba kati ya jamii 22 zilizochunguzwa, 19 zimepungua. Nyaya za umeme huchangia, na makazi yao yanapotea. Sumu imo pia, na magharibi ya Kenya tumeiona kwa macho.

Kwenye mashamba ya mpunga ya Bunyala, Busia, wawindaji walikuwa wakichanganya konokono na kabofurani, ile sumu inayojulikana zaidi kwa jina la dukani la Furadan, ili kuwaua korongo na bata na kuwauza kama kitoweo. Ndiyo, kwa watu. Mtengenezaji aliiondoa kwenye soko la Kenya mwaka 2009, lakini Bunyala haikuisha mara moja. Tofauti na DDT, hii haikondeshi maganda ya mayai. Inaua palepale, na anayemla aliyekufa naye yumo hatarini.

Halafu kuna kweleakwelea, wale ndege wadogo wanaokula nafaka. Januari 2023 makundi yao yalivamia mashamba ya mpunga ya Kaunti ya Kisumu, na serikali ikanyunyizia sumu ya fenthioni. Kozi na ndege wengine wawindaji hufuata makundi hayo kwa sababu ni chakula kingi mahali pamoja, na kwelea aliyeanza kulegea kwa sumu ndiye rahisi kukamatwa. Sumu iliyolenga ndege mmoja humfikia wa pili kupitia tumbo.

Mkulima wa mpunga wa Ahero, Kisumu, naye ana hoja. Kwelea mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, ni kidogo, lakini hawaji mmoja. Njia ya zamani ni kuwalipa vijana wakae shambani tangu alfajiri wakipiga debe, kupiga kelele na kurusha udongo kwa fimbo, na malipo hayo hula faida ya mpunga kabla haujavunwa. Kule Kondoa, Tanzania, watu huwanasa kweleakwelea kwa wingi na kuwauza kama nyama, kazi inayoingiza pesa badala ya kuzitoa. Nyavu haziwezi kumaliza kundi la mamilioni kwa usiku mmoja kama ndege ya kunyunyizia inavyoahidi. Lakini kwelea aliyenaswa na wavu jioni anafaa kuliwa na mtu usiku huohuo, na aliyeponyoka, kozi akimpata kesho yake, hana kitu tumboni ila mpunga.